Pima Nne za Katani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wake na magoti yanayouma kama watu, bonde la Chemchemi Saba lilikuwa na mashindano ya kuchuchumaa kila baada ya mavuno.

Sheria zilikuwa chache. Mshindani alibeba mabegani gogo lenye uzito sawa na wake, akachuchumaa mpaka makalio yakawa chini ya magoti, kisha akainuka. Wakiinuka wengi, alishinda mwenye gogo zito zaidi. Mwamuzi alikuwa Kobe. Hakuchaguliwa kwa hekima. Alichaguliwa kwa sababu macho yake yalikuwa karibu na ardhi, na makalio ya wakubwa huonekana vizuri ukiwa huko chini.

Mshindi alichagua mahali pa kuishi mwaka mzima. Aliyekuwa anaishi hapo alihama. Wakubwa waliiona sheria hii kuwa ya haki sana, kwa kuwa miaka yote walishinda wao.

Mwaka huo Kifaru alitangaza mapema kwamba akishinda atachukua jabali la Pimbi.

"Linapata jua la asubuhi," alisema, "na lina kona nzuri ya kujikunia mgongo."

"Na watoto wangu sita?" Pimbi akauliza.

"Hao sitawahitaji."

Nyati aliposikia, naye akalitaka jabali hilohilo. Mgongo wake haukuwa unawasha. Hakupenda tu Kifaru apate kitu peke yake.

Pimbi akarudi nyumbani. Mkewe, Bi Tegemea, ndiye aliyewafumia washindani wote vitambaa vya kufungia magoti, na kwa miaka yote vilikuwa vya aina moja.

"Nianze kufunga mizigo?" akauliza.

"Anza kufuma," Pimbi akasema. "Mwaka huu tutawapa nafasi ya kuchagua."

Siku tatu baadaye Nyati akafika. "Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Nyati. Uketi hapo nje, mlango wetu ni mdogo."

Pimbi akatandaza vitambaa vitatu juu ya jiwe. "Hiki ni pamba, pima moja. Kinavutika. Goti linakunjika, na ukiinuka kinakusukuma kidogo. Hiki ni pamba na katani. Kinataka mazoezi ya mwezi mzima. Hiki cha tatu ni katani tupu, pima tatu. Hakikufai."

Nyati akaacha kutafuna. "Hakinifai kwa nini?"

"Ni kigumu, mzee. Chukua cha pamba. Hata mimi nitavaa hicho."

"Wewe?"

"Nimejiandikisha."

Nyati akacheka mpaka ndege waliokuwa mgongoni mwake wakaruka. "Kwa hiyo unataka nivae kitambaa kimoja na pimbi."

"Ni ushauri tu. Na usikifunge mapema. Kifunge ukiwa unalifuata gogo, kifungue ukimaliza. Damu lazima ipite."

"Damu yangu haiombi ruhusa ya kupita," Nyati akasema, akaondoka na katani.

Njiani alikutana na Kifaru, akamwonyesha. Kifaru akafika kwa Pimbi akitweta.

"Nipe pima nne."

"Pima nne, mzee, goti halitakunjika. Hata Nyati nilimkataza hizo tatu."

"Wewe unajua nini kuhusu magoti? Yako yako wapi?"

Pimbi akayatazama magoti yake. Yalikuwapo. "Chukua pamba, mzee wangu. Nakuomba."

"Nne."

Bi Tegemea akaunganisha pima ya nne mbele yake. Kifaru alipokwenda, akamgeukia mumewe.

"Umewaambia kila kitu."

"Kila kitu."

"Na wakikusikiliza?"

Pimbi akawatazama watoto wake sita waliokuwa wakiota jua. "Basi tutahama. Lakini umewahi kumwona mmoja wao akimsikiliza mtu anayepita chini ya tumbo lake?"

Siku ya mashindano, wakubwa wale wawili walijifunga tangu alfajiri. Vitambaa vizuri visivyoonekana na watu vina faida gani? Wakatembea bonde zima, kwa, kwa, kwa, kama milango miwili iliyotoka kutafuta nyumba yake. Watazamaji wakasifu sana. Waliosifu zaidi ni wale wasiotakiwa kubeba kitu.

Nyati alitangulia. Akaweka gogo mabegani, akavuta pumzi, akashuka. Magoti hayakwenda popote.

"Bado," Kobe akasema kutoka chini.

"Nimeshuka."

"Umeinama, bwana. Hiyo ni salamu."

Nyati akajikaza tena. Kikainama kichwa, kikainama kiuno, gogo likapita juu ya pembe, likaanguka, pu.

"Waalaikumu salamu," Kobe akasema. "Anayefuata."

Kifaru akatabasamu. Yeye hakuwa mtu wa kushindwa na kitambaa. Alilibeba gogo, akajilazimisha kwa uzito wote, katani ikalia kriii, akafika katikati. Hapo akakwama. Hakushuka, hakupanda. Alikaa hewani kama kigoda.

"Malizia," Kobe akasema.

"Ngoja kwanza." Jasho lilimtiririka. "Miguu yangu iko wapi? Siisikii."

"Iko hapa. Imevimba."

Kifaru akaanguka ubavu pamoja na gogo lake. Ilibidi watazamaji wanne waje kumfungua.

Ndipo Pimbi akatokea na gogo lililofanana na mchi. Vicheko vikasikika. Bi Tegemea akamfunga pamba kila goti, mizunguko michache, hapohapo mbele ya gogo. Pimbi akashuka taratibu mpaka makalio yakakaribia kugusa vumbi. Mikono ya mkewe ilikuwa imekwama mdomoni. Pimbi akatetemeka kidogo, akainuka.

Kobe alichungulia mara mbili, kwani kwake yeye pia makalio yale yalikuwa madogo. "Imekubalika. Mshindi achague."

"Nachagua jabali langu."

"Aliyekuwa anaishi hapo ahame," Kobe akasema, maana sheria ni sheria.

Pimbi, mkewe na watoto sita wakatoka jabalini, wakalizunguka mara moja, wakaingia tena.

Kifaru alifika baada ya wiki moja, akichechemea. "Ulinidanganya."

"Kwa neno lipi, mzee?"

Kifaru akayapitia maneno yote ya siku ile, moja baada ya jingine. Hakulipata. "Ungeniambia nichukue pima nne," akasema mwishowe, "ningechukua pamba."

"Najua," Pimbi akajibu. "Ndiyo maana sikukuambia."

Basi watoto, hadithi imefika mlangoni kwake: mwenye kiburi hahitaji kudanganywa, mwambie ukweli tu.