Fisi Apata Uso wa Ulezi

Mwaka ule mvua iligoma, mto ukabaki mchanga mtupu. Wazazi wote wa nyikani wakakubaliana kwenda kutafuta maji ng'ambo ya mlima. Safari ile haikuwafaa watoto, kwa hiyo akatakiwa mlezi.

Wa kwanza kujitolea alikuwa Ngiri. Alikuwa na shimo imara, pembe kali na moyo mweupe. Ila uso, maskini, alipewa wa haraka haraka: vinundu mashavuni, pua kama kinu kilichopasuka. Watoto walipomwona tu, wakaangua kilio.

"Huyu atatula," akasema mtoto wa Swala.

"Mimi nala nyasi na mizizi, mwanangu," akajibu Ngiri. Ilimuuma, maana watoto aliwapenda kweli.

Hapo akatokea Fisi. Asubuhi hiyo alikuwa amemkaba Sungura akamwambia achague: kumpamba au kuliwa. Sungura hafi kijinga. Alimpaka Fisi udongo mweupe uso mzima, akamtia wanja, akamfundisha kutabasamu bila kuonyesha meno.

"Shikamoo, babu," wakasema watoto, wakamkimbilia.

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Mzee Simba, huyu ni Fisi," Ngiri akamnong'oneza kiongozi wa wazazi.

"Alikuwa Fisi," akajibu Simba kwa maringo. "Mwenye uso kama huo hawezi kuwa na roho mbaya. Na watoto ni malaika, hawakosei. Wewe ni wivu tu. Ungejitazama kwenye kioo ungenyamaza."

Wazazi wakaondoka. Ngiri akajilaza mlangoni pa shimo lake, roho juu. Akisogea, watoto watalia. Akikaa mbali, wataliwa.

Fisi akawaketisha watoto. "Njooni mmoja mmoja nyuma ya kichaka niwape zawadi. Tuanze na aliyenona." Lakini hata kuwatazama kulimshinda. Udenda ukamchuruzika. Akaufuta kwa kiganja, ukazidi, akafuta tena, na udongo wote ukatoka nao. Yakabaki madoa na meno.

"Babu, uso wako unabanduka," akasema mtoto wa Swala.

Fisi akaruka, lakini Ngiri alikuwa amekwisha kufika. Alimkita pembe ubavuni. "Ingieni shimoni, wanangu," akasema, na safari hii hakuna aliyelia. Wakaingia wote, Ngiri akaziba mlango kwa mwili wake. Fisi alijaribu tena, akachomwa tena, akaondoka akichechemea na njaa yake.

Wazazi waliporudi na maji, waliwakuta watoto wamelala ubavuni mwa Ngiri. Sungura akamgeukia Simba, akasema:

"Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi."