Hodhi la Samaki wa Sultani Madi

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko kazi za kuwapa, mji wa Ukongweni ulikuwa na sultani wake, jina lake Sultani Madi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupewa, na huo nao ni ugonjwa. Hata hivyo desturi za mji alizishika sawasawa, na zaidi ile ya chakula: mwenye nyumba hanawi mikono mpaka watu wote wa nyumba yake wameketi kwenye sinia. Sultani hakuwahi kuivunja, maana watu wa nyumba yake walikuwa wachache na wote walikuwa wepesi wa kuketi.

Basi siku moja wafanyabiashara wa ng'ambo wakamletea zawadi ya samaki wadogo wa maji baridi, wekundu na wa rangi ya dhahabu. Sultani akawapenda mno. Akaamuru ajengewe hodhi la vioo katikati ya ukumbi wake, refu kuliko kitanda cha bibi harusi, vioo vikagandishwa kwa gundi ya sandarusi, na samaki wakatiwa humo, kila mmoja na jina lake.

Ikawa maji yamekaa tu, na maji yaliyokaa mnayajua. Yakageuka kijani, yakanuka, na asubuhi moja Sultani akamkuta Johari, samaki aliyempenda kuliko wote, anaelea tumbo juu. Jumba zima likaamriwa kulia. Waziri akalia kwa bidii kuliko alivyomlilia mama yake mzazi.

Waliojua mambo ya samaki wakamwambia Sultani kwamba maji ya kufugia sharti yatembee, mapya yaingie na ya zamani yatoke. Sultani akatazama nje ya lango lake, akakiona kisima cha watu wa Mtaa wa Chini, kisima cha pekee chenye maji matamu. Mara mbiu ikapigwa: "Wenye masikio sikieni! Kuanzia jumbani hadi ua wa mwisho wa Mtaa wa Chini, yote hiyo ni nyumba ya Sultani, na kisima kilichomo ni kisima cha nyumbani kwake!" Kisima kikazungushiwa ukuta, ufunguo akapewa Waziri.

Lakini taabu haikwisha. Watumishi wakawa wanakimbia ukumbini na ndoo, wanamwaga maji juu ya mazulia, samaki wanajificha kwa hofu. Sultani akachoka, akatoa amri mpya. Maji yaingie hodhini na kutoka yenyewe, asionekane mtu na ndoo. Hodhi wala ukuta visitobolewe. Na tone moja lisitoke nje ya nyumba yake, kwa kuwa maji ni yake. Atakayeweza ataomba atakalo, atakayeshindwa atafungwa. Mafundi wakajaribu mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaingia gerezani.

Na katika Mtaa wa Chini alikaa Vuai, mtu asiye na kitu ila mdomo. Jioni moja mkewe, Bi Mize, akamwekea bakuli la uji.

"Mume wangu, uji huu nimeupika kwa maji ya dimbwini," akasema. "Ukitafuna kitu, usiniulize ni nini."

Vuai akatafuna kitu. Hakuuliza. Ila uchungu ulimpanda, kwa kuwa aliiona miguu ya mkewe imevimba kwa mwendo wa kwenda dimbwini, na kisima kiko pale pale, kinatazamwa na samaki. Asubuhi akavaa kanzu yake, ile ile ya siku zote, akaenda jumbani.

"Ewe bwana wangu," akasema, "nimekuja kuyatembeza maji yako."

"Masharti umeyasikia?"

"Nimeyasikia, bwana, kama mbiu ilivyosema. Mimi ni mjinga, hufuata maneno kama yalivyo."

Waziri akacheka kwa pua. Vuai akaomba mianzi, sandarusi, mtungi mmoja na punda wawili wa kupokezana, akaanza kazi. Kisimani akasimamisha gurudumu lenye vibuyu, punda akilizungusha, vibuyu vinapanda na kumimina maji kwenye jukwaa lililoinuka juu. Kutoka jukwaani mwanzi ukashuka, ukapita dirishani, ukaingia hodhini.

"Kuingia yataingia," Waziri akasema. "Yatatokaje bila tundu? Maji yatapanda ukingo kama mwizi?"

"Yakishajua ng'ambo ya pili kuna mteremko, bwana Waziri, yatapanda."

Akaunga mianzi mitatu, mmoja ndani ya hodhi, mmoja wa kuvuka ukingo na dirisha la pili, mmoja wa kushuka nje hadi ndani ya mtungi. Akaijaza maji kwanza, akaziba ncha kwa vidole, akaipachika, kisha akaachia. Maji yakapanda ukingo, yakavuka, yakashuka mtungini, yakafurika. Na mdomo wa mtungi aliuweka sawa na pale maji ya hodhi yanapotakiwa kufika, ili punda akinuna, hodhi lisije likakauka na samaki wakabaki kupunga mapezi.

Basi samaki wakachangamka, maji yakang'aa, na Sultani akapiga makofi. Wiki chache zikapita, kisha akauliza, "Na yakishafurika mtungini, huenda wapi?"

"Tufuatane, bwana."

Wakafuata mfereji ambao Vuai aliuchimba kutoka mtungini, Sultani mbele na Waziri nyuma akiinua kanzu yake isichafuke. Mfereji ukatoka langoni, ukateremka, ukafika Mtaa wa Chini. Huko wanawake wanafua, punda wanakunywa, na mchicha umeota kila ua uliopitiwa na mfereji. Kwa kuoshea yalifaa. Kwa uji, Bi Mize aliyajaribu, na nyumba nzima ikanuka shombo.

Sultani akageuka mwekundu kama samaki wake. "Umeyatoa maji nje ya nyumba yangu! Mfungeni!"

Vuai akapiga magoti. "Bwana wangu, yametoka wapi? Mbiu ilisema mpaka ua wa mwisho wa Mtaa wa Chini ni nyumba yako, na ua wa mwisho ni ule, mfereji haujaufikia. Kama hapa si nyumba yako, nifunge, nimekosa. Lakini basi na kisima nacho si chako."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama mchicha.

"Ni nyumba yangu!" Sultani akasema kwa kiburi. "Umeponea chupuchupu. Haya, omba utakalo."

"Naomba utuhesabu kuwa watu wa nyumba yako, mimi na mtaa wangu."

"Hilo tu? Nimekubali," akasema Sultani, akarudi zake akijiona amepata kwa bei nafuu.

Adhuhuri pilau ikaletwa ukumbini. Sultani alikuwa anaukunja mkono wa kanzu ili anawe, mara akasikia hodi. Akaingia Vuai, na nyuma yake Mtaa wa Chini mzima, na mikeka yao, na watoto, na mabibi wa kushikwa mkono.

"Bwana mwenye nyumba, usinawe kwanza," Vuai akasema. "Watu wa nyumba yako hatujaketi."

Na kuketi kwao kulikuwa kwa taratibu sana. Mmoja akaketi, akakumbuka amemsahau shangazi yake, akaondoka kwenda kumwita. Pilau ikapoa. Bi Mize akasogea karibu, akasalimu kwa adabu. "Shikamoo, baba mwenye nyumba. Chumba changu kinavuja. Utanipelekea makuti lini?"

"Na mlango wangu umeliwa na mchwa, mwenye nyumba!" akaita mzee mmoja toka nyuma.

"Mimi jirani ana jogoo hanipi usingizi. Ni nyumba yako, bwana, zungumza naye!"

Sultani akawatazama, akatazama pilau yake, na tumbo likanguruma mpaka Waziri akalisikia. Hapo uso wa Sultani ukalegea, aibu ikamshika kwanza, kisha kicheko, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka hodhini na samaki wakaingia ndani yake.

"Pigeni mbiu!" akasema. "Nyumba ya Sultani inaishia langoni. Ukuta wa kisima ubomolewe, na mafundi watolewe gerezani. Bi Mize, nakuomba maji ya samaki wangu."

"Chukua, bwana," Bi Mize akasema, "ila mfereji wa mchicha usizibwe."

Watu wakaketi wote mara moja, Sultani akanawa, wakala. Waziri peke yake hakuridhika. Akamwinamia Sultani sikioni.

"Bwana, sasa maji yanatoka nje ya nyumba yako. Sharti limevunjika. Nimfunge Vuai?"

"Mwache, wewe," Sultani akasema na tonge mkononi. "Ukimtia gerezani, atasema gereza nalo ni nyumba yangu, na kesho atanialikia wafungwa wote."