Sinia la Mia na Moja

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, alikuwapo Sultani Hamdani wa mji wa Pwajuu, mtu aliyependa sifa kuliko chakula. Karamuni alikula peke yake juu ya ulili, kitanda chake cha enzi, wala hakuhesabiwa pamoja na watu, maana nani angethubutu kumtia Sultani katika hesabu? Na mjini humo aliishi Shaweji, fukara asiyekuwa na kitu ila ulimi, na ulimi wenyewe ndio uliomponza. Alisema barazani kwamba karamu za Sultani ni kelele nyingi, pilau kidogo. Maneno yakafika.

Basi siku ya karamu akaitwa. "Ewe Shaweji, leo wewe ndiwe mkuu wa masinia. Waliomo uani, tangu waziri hadi wewe, ni watu elfu moja na tisa. Waketishe, kila sinia idadi sawasawa, wala lisizidi watu kumi, na asiwepo mtu humu atakayekula peke yake. Asitolewe mtu, asiingizwe mtu. Ukishindwa, jua lisizame ungali mjini mwangu."

Waziri akacheka chinichini, kwani hesabu hiyo aliitafuta yeye, na ukorofi wake aliujua. Shaweji akawaza ya nyumbani kwake. Mkewe Mwanakheri alikuwa na mimba pevu; ampeleke wapi?

Akawapanga wawili wawili, akabaki mmoja. Watatu watatu, mmoja. Wanne, sita, saba, wanane, tisa, ikawa habaki ila yule yule mmoja, Mzee Saburi, mchoma makaa, amesimama na njaa yake.

"We Shaweji, nimekukosea nini?"

Watano watano, wakabaki wanne. "Lo! Hesabu gani hii isiyokatika!" Akajaribu kumi kumi, wakabaki tisa. Akawatazama wale tisa, akaitazama nafasi iliyobaki, kisha akainua macho kwenye ulili, akatabasamu.

"Tayari, seyidi yangu."

Sultani akashuka kukagua. Masinia mia yalikuwa na watu kumi kumi. La mwisho, tisa. "Haya! Hapa pamepungua mtu. Funga virago!"

"Hakupungua, seyidi yangu, amechelewa tu. Uliamuru asiwepo mtu humu atakayekula peke yake, nami namwona mmoja ametandikiwa kule juu. Ikiwa yeye si mtu, niwie radhi, nafunga virago."

Sultani akamtazama waziri, waziri akatazama ncha za viatu vyake. Basi Sultani akakunja joho, akaketi kando ya Mzee Saburi.

Kumbe pilau ni ya moto! Miaka yote yeye aliletewa iliyokwisha kupoa kwa kuonjwaonjwa. Akanogewa, mkono ukavuka hadi kwenye nyama ya mwenziwe. Mzee Saburi, ambaye njaa ilikuwa imemziba macho, akamchapa mkono, pa!

"Kula mbele yako, bwana!"

Sultani akautazama mkono wake, akacheka hata kilemba kikamdondoka.

"Shaweji, nenda kwako, umchukulie mkeo sinia zima. Nawe waziri, kesho uwahesabu upya watu wa mji huu, na safari hii uanze na mimi."