Nzi Wawili wa Mlima Ighonyi

Haya, kaeni. Mimi nimechoka na hadithi yenyewe inachosha, lakini mmeing'ang'ania. Hapo zamani, wala si zamani sana, maana goti hili bado linauma kwa kuupanda mlima ule, palikuwa na ndugu watatu chini ya Ighonyi: Mkawasi, dada mkubwa, Mwandawiro, wa katikati, na Saru, kitinda mimba. Kijiji kizima kilikunywa maji ya chemchemi moja, na chemchemi ile ilitoka kwenye msitu wa Ighonyi.

Wakaja watu wa kupasua mawe. Wakautaka mlima, msitu na vyote. Tukapeleka kilio barazani. Tukaenda, tukarudi. Tukaenda tena, tukarudi. Mwisho wakubwa wa baraza wakasema chemchemi ziko nyingi duniani. Tuwaletee kiumbe kinachoishi Ighonyi na hakiishi pengine popote, tena chenye jina lake, nao watauacha mlima. Tusipoleta kabla ya vuli, tuhamishe ndoo zetu.

Sasa Mkawasi alikuwa mrina asali, nyuki anawajua. Msituni, pale jua linapopenya, alikuwa amemwona mdudu wa mistari ya manjano anayesimama hewani, hapandi, hashuki, wala haumi. Wengine walimwita nyuki. Mkawasi alikataa: nyuki ana mabawa manne, huyu ana mawili. Ni nzi wa maua, wale wanaovaa nguo za nyuki ili ndege wawaogope. Akawaonyesha wadogo zake mahali.

Mwandawiro akachukua wavu. Wakapanda mlima, wakashuka mlima, mikono mitupu. Wakapanda tena, wakashuka tena. Hata siku moja akamkuta nzi ametua juu ya ua, na aliyetua ni rahisi kuliko aliyesimama hewani. Akamnasa, akamtia chupani, nzi akafa.

Akapelekwa kwa Saru, aliyesomea wadudu. Jamani, kumtambua nzi wa maua si mchezo. Unamweka chini ya hadubini, unautafuta ule mshipa wa bawa usioungana na mwenziwe yeyote. Umeuona? Basi ni nzi wa maua. Lakini nzi wa maua yupi? Tazama vipapasio. Tazama paja la nyuma. Tazama mistari ya tumbo. Kila jibu linakusukumia swali jingine, na macho ya Saru yakawa mekundu kama ya mpika chapati. Halafu akakwama. Macho ya nzi yule yalikuwa yameachana utosini, na ya dume hukutana. Kumbe jike. Na katika kundi lile majike wote ni sawasawa. Ukoo hujulikana kwa viungo vya uzazi vya dume.

"Nileteeni dume," akasema.

Wakapanda, wakashuka. Mwandawiro akamvizia yule wa hewani, maana wanaosimama hewani ndio madume, mpaka shingo ikakakamaa, akamnasa. Saru akampasua, akamlinganisha na nzi waliokaushwa wa kila sanduku alilolijua. Hakufanana na yeyote. Alikuwa wa Ighonyi peke yake. Walitaka kushangilia, lakini nguvu ya kushangilia hawakuwa nayo.

Kesho yake ilikuwa baraza, na nzi hana jina. Wakakubaliana apewe jina la mmoja wao. Hapo ndipo udugu ulipoingia mchanga.

Mkawasi akasema, "Nisingewaonyesha, mngekuwa mnakimbiza nyuki mpaka leo. Jina ni langu."

Mwandawiro akasema, "Wewe ulitazama. Mimi nilikamata. Jina ni langu."

Saru akasema desturi ya kazi yake ni kwamba anayemtambulisha mdudu hajipi jina lake mwenyewe, ni aibu. Lakini aibu hiyo angeivumilia, kwa sababu bila yeye wangepeleka barazani nzi tu, kama nzi wa jalalani.

Mwandawiro akachoka na maneno. Akasema atapanda alfajiri akamate wengine, kila mtu apate wake.

"Hakuna wengine," akasema Mkawasi. "Nimewaangalia tangu masika. Mwaka huu walikuwa wawili tu."

Mwandawiro akauweka wavu chini.

"Dada, ulijua, na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungemkamata? Na watoto wangu wangekunywa nini?"

Basi jina lile likawa kaa la moto. Mwandawiro akasema alichukue Mkawasi, aliyejua na kunyamaza. Mkawasi akasema alichukue Mwandawiro, kwani mkono ni wake, na angetazama macho ya yule wa kwanza kabla ya kumuua, angemwacha jike akatage. Mwandawiro akamgeukia Saru: nani alimfundisha kutazama macho? Saru akalia. Alijua tangu mwanzo kwamba jike hatamfaa, na kwa uchovu hakusema. Kisha akaomba wa pili.

Asubuhi barazani mkubwa akauliza, "Jina lake nani?" Sisi tulikuwa nyuma na ndoo zetu tupu. Ndugu watatu wakatazamana, hakuna aliyetaka kufungua kinywa. Watu wa mawe wakaanza kutabasamu. Ndipo jina moja likatamkwa, likaandikwa, na mlima ukabaki.

Maji mnayokunywa hapa ndiyo yale. Mkawasi hupanda kila asubuhi, akasimama pale jua linapopenya, akatazama juu, kisha akashuka. Hajaona kitu.

Jina la nani lilitamkwa, siwaambii. Nimelibeba swali hili peke yangu vya kutosha. Tueni vikombe kwanza, mnijibu ninyi mnaokunywa: je, nani alistahili kulibeba jina lile?