Mlinganyo wa Kumi wa Mama Eliamini

Isome hii hadi mwisho, kisha mpelekee mtu mmoja unayemjua anayerudia mtihani. Kama kemia ilikutoa jasho shuleni, usikimbie, tutakwenda taratibu.

Katika mji mmoja mdogo wa Upareni palikuwa na mama aliyeitwa Nakiete, ila mtaa mzima ulimwita Mama Eliamini. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mhudumu wa zahanati. Alipiga deki, alifua mashuka, na kila siku alipita mbele ya dirisha la dawa akitamani kuwa yeye anayekaa upande wa ndani.

Chuo cha famasi kilimtaka awe amefaulu kemia ya kidato cha nne, naye alikuwa ameshaanguka mara mbili. Msimamizi wa zahanati alikubali kumpa ruhusa ya kwenda chuo, lakini kwa mwaka ule tu. Akianguka tena, basi, ni ndoo na dekio mpaka kustaafu.

Kila mchana alikwenda kwenye kituo cha masomo chenye maabara moja na mwalimu mmoja wa kemia, Mwalimu Zefania. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mkali, peni nyekundu haimtoki mkononi. Kabla ya kuandikisha watahiniwa alitoa jaribio la milinganyo kumi. Atakayeshindwa haandikishwi kufanya kemia, na maelezo hakutaka kuyasikia.

Sasa, kusawazisha mlinganyo ni jambo la haki tu. Vilivyoingia kushoto lazima viwe sawa na vilivyotoka kulia, maana hakuna chembe inayopotea njiani wala inayozaliwa njiani. Haidrojeni ikiungana na oksijeni tunapata maji: H₂ + O₂ → H₂O. Hebu hesabu. Kushoto oksijeni ni mbili, kulia ni moja. Bado haijakaa sawa.

Mama Eliamini aliutazama mlinganyo huo, akatabasamu, akaongeza namba ndogo ya mbili chini ya O ya kulia. Ikawa H₂O₂. Haidrojeni mbili kwa mbili, oksijeni mbili kwa mbili. Akaifanyia hivyo hivyo milinganyo yote kumi, na kwa mara ya kwanza maishani akatoka kwenye jaribio la kemia akiimba.

Kesho yake karatasi zilirudi. Watu thelathini na mmoja walikuwa wamefaulu. Yeye alipata sifuri, imezungushiwa duara jekundu.

Wenzake walipomrudishia mwalimu karatasi zao na kuondoka, alibaki amekaa kwenye stuli yake.

"Mama, nenda kapumzike," mwalimu alisema. "Orodha ya watahiniwa naipeleka saa kumi. Mwakani utajaribu tena."

"Mimi mwakani sina, mwalimu. Nimehesabu kila upande na zote zimebalansi. Nionyeshe kosa kwa macho yangu, ndipo nitaondoka."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane.

"Una nini kwenye hicho kikapu?"

"Viazi vya watoto."

Alichukua kiazi kimoja, akakikata kwa wembe. Akaweka glasi mbili mezani. Ya kwanza alitia maji ya bomba, ya pili akatia kitu kutoka kwenye chupa ya kahawia. Kwa macho zote mbili zilikuwa maji matupu. Akadondosha kipande cha kiazi katika kila moja.

Kwenye maji, kiazi kilizama kikatulia. Kwenye glasi ya pili kilianza kutoa povu jeupe, bila moto, povu likapanda ukingoni kama maziwa yanayotaka kumwagika.

"Hiyo ndiyo H₂O₂ yako," mwalimu alisema. "Watu wanasafishia vidonda, wengine wanapaushia nywele. Mimi niliuliza maji, wewe umeniletea hii. Namba ndogo za chini zinasema kitu ni kitu gani, kwa hiyo hizo huzigusi. Unaruhusiwa kuweka namba za mbele tu, zinazosema viko vingapi."

Mama Eliamini aliliangalia lile povu. Kwanza aliona aibu, halafu akapandwa na hasira, kwa sababu mara zote mbili alizoanguka alikuwa akiwekewa alama ya kosa tu, na hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Kisha akafungua daftari.

"Nipe karatasi nyingine."

"Mama, muda umekwisha."

"Saa kumi bado, mwalimu."

Mwalimu alimtazama, akaona huyu haondoki. "Haya. Lakini nataka yote kumi. Ukikosa hata mmoja, jina halimo."

Akaanza. Maji yalikubali haraka: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Ila safari hii alikuwa ameshaogopa. Kabla ya kuhesabu chochote, alikwenda kwanza kwenye chati ya valensi iliyobandikwa ukutani, ile inayoonyesha kila elementi ina mikono mingapi ya kuungana na nyingine, akahakikisha kila kitu ndicho chenyewe, ndipo akahesabu. Ilimchosha. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Saa tisa na nusu alikuwa amemaliza tisa.

Wa kumi uliandikwa hivi: Al + O₂ → AlO₃. Alumini na oksijeni.

Ulikuwa mwepesi. Mbili mbele ya alumini, tatu mbele ya oksijeni, mbili kulia. Alumini mbili kwa mbili, oksijeni sita kwa sita. Umekaa. Alibakiza kunyoosha mkono tu.

Lakini alikuwa hajakwenda kwenye chati. Akaenda. Alumini valensi yake tatu, oksijeni mbili; alumini mbili ni sita, oksijeni tatu ni sita, kwa hiyo zikiungana zinatoa Al₂O₃. Akarudia kuangalia mara tatu. AlO₃ hakuiona kwenye chati wala kwenye kitabu.

Saa ilisoma kumi kasorobo. Akiacha ulivyo, huenda akapata vema. Akibisha na kumbe amekosea, ni ndoo na dekio. Hata hivyo miguu ilishaanza kutembea kuelekea meza ya mwalimu.

"Mwalimu, hiki ni kitu gani?"

"Mama, umeanza tena kugusa namba za chini?"

"Sijagusa. Nauliza kama kipo."

Mwalimu alitaka kumjibu kwa ukali, akainama asome. Akaliona kosa. Alikuwa ameyachapa maswali mwenyewe, na namba mbili ya chini ya Al ilikuwa imerukwa. Akafungua kabati, akatoa zile karatasi thelathini na moja, akazipitia moja baada ya nyingine.

"Wote wameandika mbili, tatu, mbili," alisema polepole. "Na wote nimewapa vema."

"Imebalansi," Mama Eliamini alisema. "Ila kitu chenyewe hakuna."

Akarudi kwenye stuli, akauandika unavyopaswa: 4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃. Mwalimu Zefania akaichukua orodha, akaandika jina la Nakiete nambari thelathini na mbili, na ilikuwa imebaki dakika nne.

"Ungejaza tu kama wenzako, ningekupa vema na ungepita," alimwambia. "Kwa nini hukujaza?"

"Mwalimu, mimi nakwenda kugawa dawa."

Mwalimu alifungua tena kabati. Alivuta karatasi yake mwenyewe ya majibu, akaiwekea alama ya kosa kwa peni nyekundu, kisha akaondoka na orodha. Mwaka ule Mama Eliamini alipata C ya kemia, akaenda chuo.

Funzo: Hesabu ikikaa sawa, usishangilie bado, uliza kwanza kama ulichoandika ni kweli. Na mambo yasipolingana, badilisha kiasi unachotia, usibadilishe kitu kikawa kingine ili tu hesabu ikubali.