Amani ya Shekoloa

Ukiletewa amani ya Shekoloa, lala na makubazi mguuni. Mmenisikia nikisema hivyo redio ilipotangaza kwamba wakubwa wamepeana mikono, mkacheka. Haya, chekeni. Mimi mikono hiyo nimeisikia tangu nikiwa mwari, nimechoka nayo. Methali hii ilianza hivi.

Shekoloa alikuwa jumbe wa Kizangaze, kijiji cha mlimani kilichoishi kwa maji ya mfereji. Mfereji wenyewe ulianzia juu, kwenye kitongoji cha Kwembelu. Ng'ambo ya bonde alikaa Mntangi, mtu wa vita, aliyekitaka kitongoji hicho na kuapa kwamba akikipata hatataka kingine. Shekoloa hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikwisha zika wana wawili vitani, na wa tatu hakutaka kumzika. Akaenda, akaketi na Mntangi, akampa Kwembelu. Wenyewe wa Kwembelu hawakuitwa.

Desturi ya huko, waliopatana hubadilishana mikuki iliyofungwa jani la mgomba kwenye ncha. Shekoloa akarudi ameuinua mkuki wa Mntangi.

"Nimewaletea amani ya maisha yenu yote," akawaambia watu. "Nendeni mkalale."

Wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Siku ya pili akashuka Mama Kupaza, mjane aliyefukuzwa Kwembelu, mzigo kichwani. Shekoloa aliona aibu, akampa chumba kwake. Alipomwona anajilaza na makubazi yake ya ngozi, akamwambia ayavue, hapa ni penye amani.

"Amani uliyoinunua kwa nyumba yangu, jumbe," mama akamjibu, "mimi siivulii viatu."

Kiangazi kikaja. Mntangi akauziba mfereji kule juu. Watu walipolegea kwa kiu, akawashukia alfajiri. Mkuki wake ulikuwa bado umeegemezwa mlangoni kwa Shekoloa, lile jani limekauka na kudondoka. Watu wakakimbia peku, miibani. Yule mwana wa tatu akabaki nyuma kuwazuia adui, na hakuonekana tena.

Mama Kupaza alimkuta Shekoloa ameketi njiani, nyayo zimechanika, analia. Akavua kubazi moja, akamvisha.

"Chukua hili," akasema. "Nyumba ulikwisha ichukua."

Haya, zimeni hiyo redio mkalale. Ila ukiletewa amani ya Shekoloa, lala na makubazi mguuni.