Farasi Aliyeogopa Kisima

Paukwa! Aliye macho na aitikie.

Alikuwako Mize binti Kombo, mfunza farasi. Mfalme akamletea farasi aliyeogopa kupita kando ya kisima kimoja, akamwambia, “Farasi huyu asipopita kisimani kabla ya adhuhuri, nitawachinja nyote wawili.”

Mara ya kwanza farasi akatetemeka, akarudi nyuma. Mize akampiga fimbo. Sauti nzito ikatoka kisimani: “Ongeza!”

Mara ya pili akampiga tena. Ukachomoza mkono wenye manyoya, mrefu kama mnazi. “Ongeza, binti! Hofu yenu tamu!”

Mize akaelewa kwamba mle kisimani mna zimwi, nalo lilikuwa likila hofu. Akaitupa fimbo. Mara ya tatu akalegeza kamba, akamwekea farasi kiganja shingoni, akapumua polepole.

“Pole, mwanangu. Hata mimi naogopa. Tutasimama hapa mpaka utakapokuwa tayari.”

Zimwi likatoa kichwa, likawahemea usoni. Mize hakukimbia. Farasi akainamisha kichwa, akashusha pumzi ndefu, akapiga hatua, kisha nyingine. Wakapita. Zimwi likasinyaa, likazama, na adhuhuri haijaingia.

Hapo Mize akaketi chini akilia. Farasi akasimama kando yake, asiondoke, mpaka alipoweza kuinuka.

Nimeutua mzigo wangu, autakaye aubebe.